Sadaka Si Kusafisha Kabati



Kila picha za wakimbizi zinapozagaa kwenye simu zetu, siku ya pili tu utauona ujumbe katika makundi ya WhatsApp ya kina mama: “Jamani, tukusanyeni nguo.” Mifuko inaanza kujazwa. Gauni lililobana, mtandio uliopauka, viatu vilivyokatika ukanda, nguo ya sare ya harusi ya mwaka juzi ambayo hakuna anayeitaka tena. Mtoaji anahisi wepesi wa moyo, na kabati nalo limepata nafasi ya nguo za Idi.

Nia ni njema na Allah ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Lakini nina neno langu juu ya hili, na naomba mnisikilize hadi mwisho, hasa nyinyi mnaojiandaa na harusi miezi hii. Mwanamke aliyevuka mpaka kukimbia mauaji hahitaji kilichotuchosha sisi. Anahitaji sitara. Na sitara ni kitu kipana kuliko nguo.

Nitazungumzia zaidi dada zetu wa Rohingya, kwa sababu kisa chao kina mafunzo mengi kwa kila anayetaka kutoa, na kwa sababu dunia imeshaanza kuwasahau.

Ni kina nani hawa?

Warohingya ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, magharibi ya Myanmar. Sheria ya uraia ya nchi hiyo ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wao bila uraia, wakawa wageni katika ardhi waliyozaliwa wao na mababu zao. Tarehe 25 Agosti 2017, baada ya wapiganaji wa Kirohingya kushambulia vituo vya polisi, jeshi lilianza operesheni ambayo ndani yake vijiji vilichomwa, watu waliuawa na wanawake walibakwa. Katika miezi michache zaidi ya watu 700,000 walivuka kuingia Bangladesh, wengine kwa miguu kupitia matope na vilima, wengine kwa mashua katika mto Naf. Waliwakuta wenzao waliokimbia miaka ya nyuma, na leo katika wilaya ya Cox's Bazar wapo zaidi ya milioni moja. Zaidi ya nusu ni wanawake na wasichana.

Kwa wewe bi harusi, kuna jambo moja nataka ulijue. Huko Rakhine ya kaskazini, kwa miaka mingi Mrohingya hakuweza kuoa wala kuolewa bila kibali cha wakuu wa serikali. Posa ikishakubaliwa na wazee wakaelewana, bado ilibidi kupeleka maombi, kulipa na kusubiri, na wengine walisubiri muda mrefu sana. Katika maeneo kama Maungdaw na Buthidaung waliwekewa pia kikomo cha watoto wawili. Yaani lile jambo ambalo kwetu ni la wazazi, walii na kadhi, kwao lilikuwa la askari na mhuri. Unapopanga tarehe yako na fundi wako wa nguo, kumbuka kwamba kuna wasichana wenzako ambao hata ile furaha ya kusema “nimeposwa” ilikuwa na hofu ndani yake.

Nguo zilizoachwa barabarani

Sasa turudi kwenye mifuko yetu. Wiki zile za mwanzo, Septemba 2017, watu wa kawaida wa Bangladesh walifanya jambo kubwa. Kabla mashirika makubwa hayajajipanga, wao walitoka na mchele, maji na chakula kilichopikwa, na wakawafungulia wageni hao nyumba na madrasa. Allah awalipe.

Lakini pamoja na wema huo yalikuja malori ya watu binafsi yaliyosimama kando ya barabara, na watu waliokuwa juu wakawa wanarusha vitu chini kwenye umati. Mwenye nguvu alipata, mwanamke mwenye mtoto mgongoni hakupata. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba mwanamke mmoja na watoto wawili walifariki katika msongamano wa kugombea msaada uliokuwa ukirushwa. Na nguo? Nyingi zilibaki zimetapakaa pembezoni mwa barabara, zimekanyagwa kwenye matope ya mvua, kwa sababu hazikuwafaa watu waliotupiwa. Nyingine hazikuwa hata za kusitiri.

Wakati huohuo, walikuwepo wanawake waliokuwa wamekaa ndani ya vibanda vya turubai wakishindwa kutoka kufuata chakula, kwa sababu walikimbia na nguo moja tu mwilini na hawakuwa na cha kujifunikia mbele ya umati wa wanaume. Fikiria hali hiyo: nje nguo zimetupwa, ndani mwanamke hana ushungi. Haukuwa uhaba wa vitambaa. Waliotoa hawakumuuliza yeye anahitaji nini.

Sisi hapa kisiwani tuko mbali zaidi. Mfuko wa nguo kutoka Unguja mpaka ufike kambini unalipiwa usafiri, ushuru, ghala na mtu wa kuzichambua. Mara nyingi gharama ya kuufikisha inazidi thamani ya kilichomo ndani. Pesa hiyohiyo ingenunua nguo sokoni palepale, nguo ambazo wanawake wa kule wanazivaa, na muuzaji wa kule naye akapata riziki yake.

Anachokihitaji mwanamke

Tuseme mambo ya kike kama yalivyo, maana hapa ni kwetu.

Mwanamke mkimbizi anapata hedhi kila mwezi kama wewe. Anahitaji pedi au vitambaa safi, sabuni, ndoo na mahali pa faragha pa kuvifulia na kuvianika. Anahitaji nguo za ndani mpya. Hakuna mtu mwenye haya atakayetaka kuvaa za mwenzake, lakini ni vitu ambavyo aghalabu havitajwi katika michango yetu kwa sababu tunaona aibu kuvitaja.

Anahitaji choo chenye mlango unaofungika na taa njiani. Katika kambi za Cox's Bazar, wanawake wengi walieleza kwamba wanaogopa kwenda chooni au kuoga. Wengine walipunguza kula na kunywa mchana ili wasihitaji kutoka, wakapata maumivu ya tumbo na maradhi ya njia ya mkojo. Wewe unayejua uzito wa kuamka kwa ajili ya sala ya Alfajiri, jiulize ingekuwaje kama kutoka nje kuchukua udhu kungekuwa ni kuhatarisha mwili wako.

Anahitaji kuni au gesi. Miaka ya mwanzo wanawake na watoto walikwenda msituni kuokota kuni, mbali na watu, na huko walikutana na mashaka. Kuanzia mwaka 2018 mashirika yalianza kugawa gesi ya kupikia ya mitungi. Safari za msituni zikapungua, vilima vikaanza kuota miti tena, na moshi ndani ya vibanda ukapungua. Tazama jambo moja tu lililofikiriwa vizuri lilivyowasitiri watu wengi. Msaada wa namna hiyo haupigwi picha ya kuvutia, lakini ndio msaada.

Na anahitaji chakula, kila siku, si mwezi wa Ramadhani peke yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa likimpa kila mkimbizi wa Cox's Bazar msaada wa dola 12 kwa mwezi. Machi 2023, kwa ukosefu wa fedha, ukashushwa hadi dola 10. Juni mwaka huohuo ukashuka tena hadi dola 8. Dola 8 kwa mwezi ukizigawa kwa siku 30 hazifiki senti 30 kwa siku. Kwa pesa yetu haifiki shilingi 1,000. Hiyo ni asubuhi, mchana na usiku. Baadaye kiwango kilipandishwa tena, lakini mwaka 2025 walitangaziwa kwamba huenda kikashushwa hadi dola 6 kabla ya fedha kupatikana. Na wakimbizi hawa hawaruhusiwi kisheria kufanya kazi nje ya kambi. Sisi tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu ilishapita miaka mingi na jembe hawajapewa.

Njaa inapoposa

Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, na ndiyo sababu nimeamua kuandika haya mahali ambapo wasomaji wengi ni maharusi.

Mgawo unapopungua, wa kwanza kuguswa ni msichana. Baba aliyekata tamaa anaona binti wa miaka 14 au 15 ni mdomo mmoja wa kulisha, tena ni mtu anayehitaji kulindwa usiku katika kibanda cha mianzi na turubai. Anamwoza. Si kwa sababu posa njema imekuja, bali kwa sababu chakula hakitoshi. Wengine wanapandishwa mashua kwenda Malaysia kuolewa na wanaume wasiowahi kuwaona, kwa sababu mwanamume huyo amekubali kulipa nauli. Bahari hiyo haina huruma. Mwaka 2023 karibu Warohingya 4,500 walipanda mashua za aina hiyo, na UNHCR, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilihesabu watu 569 waliokufa au kupotea. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kilichojaa kupita kiasi.

Dini yetu imempa bikira haki ya kuulizwa. Walii hawezi kumfanya bidhaa. Lakini utamuuliza nini binti ambaye jibu lake limeshatolewa na tumbo tupu? Kwa hiyo tukisema tunapenda ndoa za Kiislamu, ndoa za ridhaa na mahari na heshima, basi mchele unaofika kambini ni sehemu ya kuilinda ndoa hiyo. Mwenye kuchangia chakula mfululizo huenda amemnunulia msichana miaka miwili ya kukua. Kilemba cha harusi hakina thawabu hiyo.

Tumefundishwa namna ya kutoa

Wapo watakaosema, “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.” Ni kweli, na mwenye kidogo atoe kidogo. Lakini msemo huo tumeugeuza kisingizio. Tunautumia kwa kitu kibovu, wakati ulikusudiwa kitu kichache. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kuchagua kile kilicho duni tukakitoa, ilhali sisi tukipewa tungekipokea kwa shingo upande. Na katika Suratu Aali Imran, aya ya 92, tumeambiwa kwamba hatuufikii wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Kipimo ni chepesi kabisa: je, ningeweza kumpa wifi yangu kitu hiki kwenye chano, mbele ya watu? Kama ningeona haya, basi na mkimbizi nimwonee haya.

Suratul Baqara hiyohiyo, aya ya 264, inatuonya tusiziharibu sadaka zetu kwa masimango na kuudhi. Siku hizi masimango yamepata sura mpya, nayo ni kamera. Mama anapokea kilo tano za mchele, anaambiwa ashike mfuko, atazame huku, atabasamu. Picha yake inazunguka dunia nzima ikiwa na jina la mtoaji. Mwanamke huyo pengine amebakwa, pengine amempoteza mume, pengine anajificha na watu wanaomtafuta. Sisi ambao hatutaki picha zetu za singo na kesha zitoke nje ya ukumbi, tunawezaje kusambaza uso wa mwanamke mwenzetu katika saa yake ngumu? Kundi la wanawake likitaka ushahidi wa michango yao, ziombwe risiti na hesabu. Uso wa mtu si risiti.

Na tunaye wa kumfuata. Waislamu wa mwanzo walikuwa wakimbizi. Mnamo mwaka 615 walivuka Bahari ya Shamu kukimbilia Habasha, na miongoni mwao alikuwemo Bi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.), na Bi Umm Salama. Najashi, mfalme Mkristo, alikataa kuwarudisha kwa Makureshi waliomletea zawadi. Bi Umm Habiba naye alikuwa hukohuko Habasha, mkimbizi, mbali na jamaa zake, alipoposwa na Mtume (S.A.W.). Wapokezi wameeleza kwamba Najashi ndiye aliyesimamia jambo hilo, akalipa mahari kutoka mali yake mwenyewe na watu wakalishwa walima. Hakumpa mkimbizi makombo ya kasri lake. Alimwoza kwa heshima ya mwanamke wa ukoo. Maharusi wangu, kisa hiki ni chenu.

“Lakini wenye shida wako hapahapa”

Nalijua jibu hili, na lina haki yake. Jirani ana haki, jamaa ana haki zaidi, na mtu asiruke nyumba ya yatima wa mtaani kwake akatafuta sifa za mbali. Lakini mara nyingi wanaolisema hili huwa hawajampa jirani wala mkimbizi. Pesa za mbali hazikupatikana, na za karibu pia hazikupatikana. Zilikwenda kwenye mapambo ya ukumbi.

Halafu tusijione kama watu ambao ukimbizi ni hadithi ya wengine. Januari 2001, baada ya ghasia na mauaji yaliyotokea hapa visiwani, zaidi ya Wazanzibari 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari na kushukia Shimoni, Kenya. Kijiji cha wavuvi kikajikuta kinapokea umati wa watu waliokuja na nguo za mwilini. Baadhi yao walipelekwa hadi kambi ya Dadaab. Sizungumzii siasa, nazungumzia mama aliyeshuka kwenye mashua akiwa amelowa, mtoto mkononi, akategemea mkono wa mtu asiyemjua. Mama huyo alikuwa wa kwetu. Na upande wa bara wa nchi yetu, katika mkoa wa Kigoma, kambi ya Nyarugusu imekuwa ikipokea watu wa Kongo tangu mwaka 1996, na baadaye watu wa Burundi. Kwa hiyo kama Bangladesh unaiona ni mbali, wapo waliovuka mpaka walio ndani ya Tanzania yetu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, bi harusi, weka fungu. Unapoandika bajeti na mama na mashangazi, kabla ya kufika kwenye sare na keki, andika mstari mmoja wa sadaka ya harusi. Si lazima ziwe nyingi. Sare zikiwa za siku mbili badala ya tatu, ile ya tatu inatosha kulisha familia ya kambini kwa miezi. Na huna haja ya kutangaza ukumbini. Ibaki siri yako na Mola wako, iwe ni baraka ya kuingilia ndani ya nyumba yako mpya.

Pili, toa pesa, na utoe kwa shirika lililosajiliwa, linalofanya kazi hasa mahali hapo na linalotoa hesabu. Namba ya simu iliyotumwa kwenye kundi na mtu asiyejulikana si njia. Kuhusu zaka, UNHCR lina mfuko maalumu wa zaka kwa wakimbizi, na yapo mashirika ya Kiislamu yanayofanya kazi hiyo. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya kuitoa, kwa sababu zaka ina watu wake na masharti yake, na sadaka ina upana wake.

Tatu, kidogo cha kila mwezi ni bora kuliko kikubwa cha mara moja. Pesa nyingi huja wiki ile ya picha, na njaa huja mwaka wa sita na wa saba. Tangu mwaka 2024 mapigano mapya ya Rakhine yamewavusha watu wengine wapatao 150,000, wakati ambao dunia imeshageuza uso. Kina mama tunajua kucheza mchezo na kuweka kibati bila kukosa. Basi kundi la wanawake kumi likiweka fungu dogo kila mwezi kwa nia hii, hilo ni jambo linalowezekana kabisa.

Nne, kama bado unataka kutoa nguo, toa hapa. Zipo nyumba za mayatima na wajane katika mitaa yetu. Chagua iliyo nzima, ifue, ipige pasi, itie udi, ikunje, uipeleke kwa mkono wako kama hidaya. Hapo nguo itakuwa imefika salama na imefika kwa heshima.

Na tano, tuulize. Kabla ya kukusanya chochote, mtu mmoja katika kundi apewe kazi ya kuuliza wale waliopo kambini: wanawake wenu wanahitaji nini mwezi huu? Likija jibu la pedi na sabuni, tusione aibu kuchangia pedi na sabuni.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Sisi wanawake tunaliomba hilo kila siku, tunaliomba zaidi siku ya ndoa, tunasema Allah aisitiri nyumba hii. Tumwombe huku tukimsitiri mwenzetu.

Ewe Mola, walinde dada zetu waliotolewa majumbani mwao kwa dhulma, wape makazi, walishe, wahifadhi mabinti zao, na uwarudishe kwao kwa amani. Na zikubali sadaka zetu, chache na nyingi, uzitakase na riyaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.